Folda Yenye Jina Langu

Nikiri mapema: taa ilikuwa yangu.
Niliifunga juu ya mlango wa banda
wiki ile baiskeli ya Jadwiga ilipoibwa,
taa ya kuhisi mwendo,
ikiona paka inawaka, ikiona jani inawaka,
na mimi kitandani najiambia, vyema,
mwizi ataumbuka.

Upande wa pili wa ua, Bogumiła
alikuwa akikusanya giza.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi kiwandani, hapa hapa Łódź,
kabla viwanda havijageuzwa maduka na hoteli.
Kazi yake kulinganisha rangi za nyuzi:
mwekundu huu na mwekundu huu si ndugu,
alikuwa akisema, akirudisha robota zima.
Sasa amestaafu, na ana chujio dogo
mfano wa sarafu, linalokataa kila rangi ya dunia
isipokuwa wekundu mmoja, ule wa haidrojeni.
Taa za barabarani hubisha hodi, hazifunguliwi.
Yangu ilikuwa inaruka ukuta.

Sikujua lolote. Nilichoona ni mjane
mwenye koti la mumewe na soksi juu ya soksi,
anainamia kitu cheupe chenye miguu mitatu,
anaingia ndani, anatoka,
saa nane, saa tisa,
anatundika blanketi la kijivu kwenye kamba ya nguo
ilhali hakuna aliyefua.
Blanketi lilikuwa kwa ajili yangu.
Hakuniambia.

Oktoba alinigongea. Nikadhani ni malalamiko.
Alikuja na kompyuta na keki ya tufaha.
"Kaa, Ireneusz."
Akanionyesha picha moja: dakika tano, kijivu,
kama sufuria iliyooshwa vibaya.
"Hapa ipo," akasema. Sikuona kitu.
Ya pili, ya arobaini, ya mia mbili.
Kijivu juu ya kijivu.
Ndipo akazilaza zote pamoja, usiku kumi na saba,
moja juu ya nyingine kama shuka kabatini,
na kilichokuwa pale pale kila mara kikabaki,
na cha kupita, ndege ya Warszawa,
wingu, chenga za kamera yenyewe, kikajifuta.
Nikaona uzi. Mwekundu.
Halafu nyuzi, zimesokotwa, zimefumuka,
pazia la nyota iliyolipuka
kabla mtu hajaupa mto wetu jina.

"Na hizi," akasema, akafungua folda nyingine,
"ni zako."
Iliandikwa jina langu. Picha mia moja arobaini na tatu,
nyeupe pe, kama maziwa.
Kila moja na tarehe yake, na saa. Mwingine angezifuta.
Nikazipitia. Saa nane na dakika kumi na nne, paka.
Saa tisa u nusu, nani ajuaye.
Tarehe kumi na mbili Septemba, saa kumi kasorobo,
taa imewaka dakika tano, na tena, na tena:
huo ndio usiku niliotoka kumtafuta Jadwiga
bandani, nimesahau
kwamba tulimzika Mei.

"Usiku ule sikuizima kamera," akasema,
akakata keki.

Nimeichomoa taa. Haikusaidia sana, nisiseme uongo:
mji bado unachemka angani, rangi ya chai ya maziwa,
uwanja wa mpira, kituo cha mafuta, kanisa.
Lakini anasema nyuzi za upande wa magharibi zimeanza kutoka,
na blanketi amelirudisha kitandani.

Mimi hukaa kwenye ngazi ya mlango, macho yakizoea.
Kwanza ukuta. Halafu kamba ya nguo.
Halafu, ukiwa na subira ya mtu asiye na pa kwenda,
vibanio vyake, kimoja kimoja.