Rangi ya Paa

Manispaa ilituletea tyubu tatu tu:
nyekundu, manjano, buluu.
Nyeusi, walisema, itakuja mwezi ujao.
Mwezi ujao umeshapita mara nne.

Na huu ni mji wa mawe, Gjirokastër:
mawe ukutani, mawe barabarani,
mawe bapa juu ya paa, yakinyeshewa
yanang'aa kama migongo ya vyura.
Watoto kumi na mmoja wamejibanza dirishani
wananiuliza, Mwalimu Teuta,
tutauchoraje mji wetu bila nyeusi?

Nikawaambia, anzeni na mlicho nacho.
Dafina akazamisha manjano ndani ya buluu,
akapiga ukelele kana kwamba kaona nyoka:
Kijani! Nimeotesha kijani!
Ermal, asiye na subira, akakoroga zote tatu,
akapata tope, akataka kulia.
Tope si kosa, nikamwambia, uliza tu nani kazidi.
Akaongeza nyekundu: kahawia.
Akaongeza tena: tofali.
Akaendelea, ulimi nje, hasikii la mtu.

Klodi peke yake alichelewa kushika brashi.
Baba yake huchuma machungwa Ugiriki
tangu Klodi ana meno ya utoto;
kila Desemba kreti moja huvuka mpaka
na barua ya mistari miwili.
Alichora chungwa moja, karatasi nzima,
akasema limekwisha.
Na kivuli chake?
Kivuli ni cheusi, Mwalimu. Nyeusi hatuna.

Nikampa buluu. Si kando, nikasema. Juu yake.
Kidogo kidogo.
Alinitazama kana kwamba namwambia achafue barua.
Kisha akagusa. Akagusa tena.
Rangi mbili zinazotazamana kwa mbali kama waliokosana
zikashikana mikono, zikapoa,
zikawa...
akageuka dirishani, akarudi kwenye karatasi,
akageuka tena:
rangi ya paa la kwao mvua ikinyesha.

Hakusema neno.
Mimi nilikuwa na somo zima la duara la rangi,
nimelichora ubaoni tangu asubuhi,
na jozi zake, na mishale yake.
Nikalifuta kwa kiganja.

Kengele ililia, wenzake wakatoka mbio.
Yeye alikuwa bado anapaka, paa baada ya paa,
mtaa mzima hadi chini ya ngome,
na kila alipohitaji jiwe jingine
alirudi kuchovya kwenye chungwa.