Nukta Mkato

Saa tatu za usiku, chuo cha ufundi Malindi,
feni moja inazunguka kwa kusitasita
na mimi, Mbeyu wa Mwarandu, nimekwama mstari wa arobaini na moja.
Programu imegoma. Skrini imejaa maandishi mekundu.

Mchana kutwa nimefua mashuka ya hoteli;
doa halionekani mpaka shuka litandazwe juani.
Basi nikatandaza: mstari, mstari, mstari,
kumbe nukta mkato moja haipo.
Nikaiweka. Ikakubali.
Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.

Mwalimu Shebwana alisema milango ni mingi:
benki, hospitali, kaunti,
hata kampuni za mbali zinazokulipa
ukiwa kwenu Maweni, leso kiunoni.
Mama akauliza, "Kazi gani hiyo isiyochafua mikono?"
Sikuwa na jibu.

Leo Bi Sauda wa duka la dawa ameniita:
daftari lake la madeni liingie kwenye mashine.
Amelipa nusu. Nusu nyingine, kesho.
Nami nimeliandika jina lake humo,
la kwanza kabisa,
kwenye orodha ya wanaodaiwa.