Taulo za Buluu

Mimi ni dobi. Tsiala, chumba cha chini,
shule ya mieleka nyuma ya stesheni, Tbilisi.
Taulo mia na ishirini kila wiki, za buluu zote,
na vijana siwajui kwa majina, nawajua kwa jasho.

Mwezi wa pili taulo zikaanza kurudi na madoa.
Si damu. Damu tumezoeana:
maji baridi, chumvi, mapema, kabla haijajifanya mwenyeji.
Haya yalikuwa meupe,
buluu imekimbia ikaacha mlango wazi,
hapa shavu, hapa kidevu,
na foronya ya kitanda cha kumi na saba
imechorwa uso mzima, usio na macho.

Nikamshuku Gulnazi na dawa yake ya vyoo.
Nilimwambia. Naye akaniambia.
Tukanuniana siku tisa,
ndoo yake huku, beseni langu kule.

Siku ya kumi, alfajiri, nakuta taa inawaka kwangu
na mtoto amepiga goti, anasugua foronya kwa sabuni,
kana kwamba rangi iliyopotea yaweza kusuguliwa ikarudi.

Badri. Miaka kumi na sita, kilo sitini na tano,
chunusi juu ya chunusi, toka nyweleni hadi kwenye kola,
nyingine changa, nyingine zimepasukia mkekani.
Wenzake hawataki tena kumkaba shingo.
Mchezo wa kukumbatiana,
na hana wa kukumbatiana naye.
Kabla ya pambano mwamuzi humgeuzageuza kwa tochi
kama chungwa la sokoni.

Mama yake alituma kiberiti upele ndani ya gazeti;
kikanuka bweni zima, kikatupwa dirishani.
Shangazi akasema dawa ya meno. Mjomba akasema chacha,
lakini mjomba hushauri pombe hiyo
hata kwa tairi lililopasuka.
Mwisho akafika kwa Eteri, mfamasia wa pale metro,
mwanamke asiyegawa tabasamu la bure:

Hii ya kunawia ni asidi ya salisili, inazibua vinyweleo.
Hii ya asubuhi ni peroksaidi, inaua vijidudu,
na itakula rangi ya chochote utakachoegemea.
Hii ya usiku, kiasi cha punje ya njegere, uso mzima, basi.
Wiki ya tatu utaniita mwongo.
Usije kunirudishia. Njoo wiki ya kumi na mbili.

Punje ya njegere! Mwanamieleka, na punje ya njegere!
Alipaka zote tatu, asubuhi na usiku, nene kama siagi,
ngozi ikabambuka kama rangi ya mlango unaopigwa jua,
na madoa yakaja kwangu.

Sikumhubiria. Nilishika taya langu
pale penye vishimo viwili
vya mwaka wa harusi ya dada yangu:
kucha zangu mwenyewe, kioo, haraka.
Nikamwambia, mwenye kioo kikubwa hupona mwisho.
Nikampa taulo mbili nyeupe.
Nyeupe haina cha kupoteza.

Wiki ya tatu alimwita Eteri mwongo, kwa sauti, ngazi nzima.
Sasa ni ya kumi na moja.
Alama za zambarau bado zipo,
lakini chini ya jicho la kushoto
kuna mahali ambapo hakutokei kitu.
Anapagusa akidhani simwoni.

Jana nikafungua kapu.
Madoa meupe kwenye buluu: kitanda cha nne. Cha tisa.
Cha kumi na mbili, yule aliyekuwa wa kwanza kuikataa shingo.
Na taulo moja kubwa, jina limedariziwa pembeni,
ya kocha, mwenye miaka arobaini na minne na sauti ya lori.

Sijamwambia mtu. Nimeagiza nyeupe thelathini.
Na Gulnazi nimempelekea chai.
Akainywa yote bila kunitazama,
akarudisha kikombe hakijaoshwa.