Siagi

Armas alianguka saa nne asubuhi,
msumeno wake ungali unanguruma thelujini,
na msonobari aliokuwa akiukata ukabaki wima.
Wenzake waliumalizia kesho yake;
mti uliokatwa nusu si wa kuuacha usimame.
Miaka arobaini na mitatu.

"Moyo," walisema mlangoni, kofia mikononi.
Huku kwetu, mashariki ya Ufini, neno hilo lilitosha.
Baba yake, moyo. Kaka zake wawili, moyo.
Oiva wa ng'ambo ya ziwa, moyo, ndani ya sauna,
kata ya maji mkononi, mawe bado yakifuka mvuke.
Tulidhani wanaume wetu wameumbwa hivyo,
kama ziwa lilivyoumbwa kuganda Novemba.

Kisha akaja nesi Taimi
akisukuma kigari chake cha barafuni kwa mguu mmoja,
sanduku limefungwa kwa kamba ya katani.
Maswali sitini na mawili, penseli moja.
Vijiko vya chumvi? Vikombe vya kahawa?
Nani anavuta, tangu lini, paketi ngapi?
Na siagi, mama Impi, siagi kiasi gani?

Nikacheka. Nina ng'ombe kumi na mmoja, nipime siagi?
Mama mkwe alinifunza siku ya kwanza jikoni mwake:
mume akiung'ata mkate
na meno yake yasiache alama kwenye siagi,
basi ameoa mchoyo.
Armas hakuoa mchoyo.

Majira ya kuchipua wakatuita ukumbi wa shule.
Daktari kijana, koti limembana makwapani,
alichora mshipa ubaoni kwa chaki nyekundu,
akachora utando mweupe ndani yake,
ukinenepa mwaka hadi mwaka, kimyakimya.
Akataja lehemu. Akataja sigara.
Akakiri kwamba mengi bado wanayatafuta.
Mimi nilikuwa nimeshamwacha, niko kwenye sinki langu.
Mafuta ya kukaangia sikuwahi kuyamwaga humo, hata tone:
yataganda, bomba litaziba.
Miaka ishirini nililinda bomba.

Sikulala. Alfajiri nikamfuata Taimi zahanati.
"Ni mkono huu," nikamwambia. "Mkono huu ndio uliompakia."
Hakuniambia nyamaza. Hakuniambia ni kazi ya Mungu.
"Hesabu zetu hazimjui mtu mmoja, Impi.
Zinawajua maelfu. Armas hazimjui.
Lakini huo mkono, hebu ulete."
Akanipandisha sweta, akafunga kile kitambaa,
akapuliza, akasikiliza amefumba macho.
"Mia na themanini na mbili," akasema polepole.
"Kule kwako sikuja kumuulizia marehemu.
Nilikujia wewe."

Tangu hapo mimi ni kadi namba 317.
Damu yangu husafiri hadi Helsinki bila jina,
kwenye kichupa chembamba kama kidole cha mtoto,
na huko mtu nisiyemjua huisoma
kama barua ya jirani.
Niliuza ng'ombe wanne. Bwana wa kiwanda cha maziwa
aliacha kunisalimia kanisani miaka miwili.
Palipokuwa na zizi nikapanda vichaka vya beri nyeusi.
Supu isiyo na chumvi, Reijo aliiita
maji ya kuoshea viazi.
Alisema kweli. Uyoga ulikuja kuiokoa baadaye.

Jana Reijo ametimiza arobaini na minne.
Hakuna aliyelitaja, si yeye, si mimi,
kwamba sasa amempita baba yake.
Alikata mkate mweusi, akapaka kitu cha manjano,
chembamba, mkate ukionekana chini yake
kama udongo chini ya theluji ya kwanza.
Akang'ata. Akaurudisha sahanini, akainuka kumimina kahawa.
Nikainama, nikautazama.
Hakuna alama ya meno.
Mungu ambariki mkewe kwa uchoyo wake.