Nyekundu ni Ipi

Ndege inalalia kushoto.
Sijaigusa. Mikono yangu iko magotini,
usukani umetulia juu ya meza kama ng'ombe aliyeshiba,
na bado kwenye skrini bawa linazama,
ziwa linapanda dirishani,
Katabi nzima, na nyumba hii ndani yake, inalala ubavu.

Usiku wa kwanza nililaumu kebo.
Nikaihamisha tundu hili, tundu lile,
nikaipuliza kama mtu apulizaye uji.
Usiku wa pili nililaumu programu:
nikaifuta, nikairudisha, nikapima upya,
kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, acha.
Mshale ukakaa sifuri, nikahesabu hadi kumi na moja,
kisha ukatetemeka, ukaanza kujitenga polepole
kama mdeni aliyekuona sokoni.
Usiku wa tatu Yaka iliisha tukiwa angani.
Nikalala nimelikasirikia giza lisilo na kosa.

Niliununua Kisenyi, kwa Ssekiboobo,
aliyeniapia haujawahi kuguswa na mtoto.
Chini yake palikuwa na stika ya chura.
Nusu ya mshahara wa kupakia minofu ya sangara
matumboni mwa ndege nisizozipanda.
Mke wangu hakusema neno. Alitoa kitambaa cha meza,
akakikunja, akakiweka mbali.

Leo Jumamosi nimeshika bisibisi.
Skrubu sita. Ya sita imelika kichwa,
nimeing'oa kwa kisu cha kumenyea matoke.
Ndani: vumbi, springi, grisi iliyoganda,
bawa moja la senene, kavu, la Novemba isiyo yetu,
na potenshomita, kidude kama kifungo cha koti,
ambacho kazi yake yote duniani
ni kusema mkono umefika wapi.
Nyuma yake nyaya tatu. Mbili zimekatika katikati.
Ncha nne, zinatazamana.

Hapo nikakwama.

Nyeusi naijua, na nyeusi ni nzima.
Hizi nyingine, kwangu, ni udongo na udongo.
Miaka kumi na saba iliyopita, kule Soroti,
daktari alinifungulia kitabu cha madoa.
Namba gani? Nikaona madoa.
Akafunua ukurasa. Madoa.
Nikabahatisha: nane.
Akaandika kitu kifupi. Hakuwa mtu mbaya,
aliniuliza kama nimekula.

Mficha maradhi, kifo humuumbua;
mimi nimechagua nyanya kwa kuzibonyeza
miaka yote hii, na hakuna aliyeniumbua
mpaka waya mwembamba kuliko ususi.

"Nakyanzi, njoo uniazime macho."
Akaja na kalamu sikioni, miaka tisa.
"Nyekundu ni ipi?"
Akanitazama, akidhani ni mtihani.
Akaendelea kunitazama. Si mtihani.
Akaweka kidole. "Hii. Na mwenzake huyu hapa."
"Na zile?"
"Kijani, Baba. Kama sweta yangu."
Sweta ile nimeifua tangu darasa la pili.

Nikalehemu. Moshi ukanichoma puani,
akashika nyaya kwa kibano cha nyusi cha mama yake,
ulimi nje, bila kupumua.
Tone moja zuri. La pili
kama kinyesi cha mbuzi, lakini limeshika.

Usiku tunarudi angani.
Mshale bado unatetemeka kidogo, ila hautoroki.
Nakyanzi amekalia debe kulia kwangu,
ziwa limelala pale linapopaswa kulala,
na uwanja unakuja. Kando ya njia, taa nne ndogo
za kumwambia rubani kama yuko juu mno au chini.
Mwaka mzima nimetua kwa kubahatisha:
nane, nane, nane.

"Nyeupe ngapi?"
"Mbili. Na mbili nyekundu."
Ndivyo inavyotakiwa. Namwambia hivyo,
naye anaketi wima zaidi juu ya debe.
"Sasa nyekundu tatu."
Navuta. Kidogo.
"Baba," anasema, na mkono wake uko juu ya wangu,
"zote nyekundu. Vuta."