Kiganja Juu ya Ruta

Ya kwanza ilikufa kwa radi ya Aprili.
Ya pili tulipewa bure, zawadi ya bando,
ikawa inaamka dakika kumi, inalala saa nzima,
kama mlinzi wa usiku aliyelipwa nusu.
Basi Jumanne nikafunga duka langu la nyuzi,
nikatoka Bombo kwenda Kampala
na karatasi moja mkobani:
ramani ya nyumba yangu, niliyoichora
nyuma ya risiti ya umeme.

Vyumba vinne. Kuta za matofali ya kuchoma
alizojenga marehemu baba mkwe, askari mstaafu,
unene wake dhiraa nzima,
maana alijenga kama mtu anayengoja mizinga.
Kutoka sebuleni hadi kitandani kwa mama mkwe
ni hatua kumi na tisa.
Nilizihesabu mara mbili, usiku, bila viatu.

Ghorofa ya tatu, dukani kwa Ssempijja,
ruta zimepangwa kama maharusi.
Moja ina antena nane, kaa aliyelala chali.
"Hii, mama, inafika hadi kwa jirani!"
Jirani ana yake, nikamwambia.
Mimi nataka ifike chumba cha nyuma.
"Kasi yake ni upepo!"
Upepo naujua, umewahi kuniezulia mabati.
Umeme ukikatika, huo upepo wako unakwenda wapi?

Akakohoa.
Akapangusa boksi ambalo halikuwa na vumbi.

Sikusoma namba zilizoandikwa ubavuni.
Niliuliza kama inakubali laini zote
au imefungwa mdomo, inakula kwa kampuni moja tu.
Niliuliza dhamana ni ya miezi mingapi,
na ikiharibika nitamlilia nani, yeye au karatasi.
Kisha nikafanya nilivyofanya kwa wanangu wote:
nikainua kiganja
nikakiweka juu ya kila moja iliyowashwa tangu asubuhi,
kwenye paji la uso.

Ya antena nane ilikuwa na homa.
Nyeupe, ile ya kwenye tangazo, ilikuwa inaelekea huko.
Pembeni, nyuma ya kikokotoo cha Ssempijja,
ndiyo iliyokuwa inalihudumia duka lenyewe:
nyeusi, fupi, antena mbili, imefubaa,
baridi kama ubavu wa mtungi.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Hii haikuwa inajiuza. Ilikuwa kazini.
"Nipe dada yake," nikasema, "na betri ya kuishikilia."
Tukavutana mpaka laki mbili na thelathini.
Aliniongezea waya, kwa hasira kidogo.

Drani fundi alikuja na ngazi.
Mimi nilitaka iwe nyuma ya televisheni.
"Kwani ni deni," akasema, "mpaka uifiche?"
Akaiweka juu ya kabati la sahani, katikati ya nyumba,
mlango wa ukumbini ukiitazama.

Ijumaa, baada ya magharibi, Salwa akapiga kutoka Sharjah.
Huko ananyoosha mashuka ya hoteli,
na saa yake ya mapumziko haimngoji mtu.
Nilimpelekea bibi yake simu, hatua kumi na tisa,
na uso wa mtoto haukukatika hata ukutani.
Ndipo mvua ikaja, bila salamu,
na Bombo nzima ikazimika kwa mpigo mmoja.

"Mbona giza?" Salwa akauliza. "Mmepotea?"
Mama mkwe, anayeishika simu kwa mikono miwili
kama bakuli la uji wa moto,
akasogeza mdomo karibu kabisa na kioo:
"Umeme umekwenda. Wewe upo. Endelea."

Niliwaacha.
Nikapapasa njia mpaka kwenye kabati,
taa moja ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama.
Nikaigusa.
Haikuwa na homa.

Drani bado ananidai elfu kumi.