Fomu ya Biti Mchopa

Mashine haimtaki Biti Mchopa.
Nimemfuta vidole kwa spiriti, kwa limau,
kwa pindo la kanga yangu mwenyewe,
nimekikandamiza kidole gumba juu ya kioo
hadi kikawa cheupe. Taa nyekundu. Tena nyekundu.
"Iambie," anasema, "alama zangu zilibaki kwenye korosho."
Miaka thelathini na mmoja alibangua kwa mikono,
mafuta ya ganda yakimla ngozi tabaka kwa tabaka,
na leo anaombwa aonyeshe
alichokwisha kuuza kwa kilo.

Bila kitambulisho, bima hakuna.
Bila bima, dawa ya presha iko mfukoni mwa mtu,
na mtu mwenyewe mwezi huu ni mimi.

Mama yangu kule Songea bado anauliza
nilisomea nini miaka mitatu.
Nikisema ustawi wa jamii, anakohoa kidogo:
"Jamii ipi, mwanangu? Yako au ya watu?"
Alitaka niwe nesi. Nesi ana koti jeupe,
ana sindano, watoto wanamkimbia.
Mimi nina kalamu mbili, faili lenye meno ya panya
na funguo za stoo ya sabuni.

Chuoni hawakuniambia
kwamba nusu ya kazi ni kusikiliza simu ikiita.
Mtoto wa Mzee Nnunduma yuko Tandahimba.
"Dada, korosho zikiuzwa tu."
Zimeuzwa. Mnada wa tatu umepita,
bei imetangazwa redioni, mzee kaisikia,
akaomba anyolewe ndevu.
Nikamnyoa. Ilikuwa Alhamisi.
Ndevu zimeota tena.

Wala hawakuniambia kwamba Bi. Somoe hali uji
mpaka mtu agombane naye kwanza,
kwa hiyo kila asubuhi natenga dakika tano za ugomvi.
Haziingii kwenye ripoti ya robo mwaka.
Kwenye ripoti naandika: wazee kumi na saba,
magodoro kumi na manne.
Changamoto: magodoro.

Leo fomu imerudi kutoka wilayani,
visanduku vitatu vimezungushiwa wino mwekundu.

Tarehe ya kuzaliwa.
"Matrekta ya karanga yalishafika Nachingwea," anasema,
"ila karanga zilikuwa hazijagoma."
Naandika arobaini na nane.
"Mwezi?"
"Tope."
Naandika Machi.

Alama za vidole.
Hazisomeki, tazama barua iliyoambatishwa.
Ni barua ya tatu. Hii nimeiandika kwa hasira,
kisha nikainakili upya kwa adabu.

Ndugu wa karibu.
Hapo ananyamaza. Uani mtu anapepeta mbaazi,
ungo unapanda, unashuka.
Waliomzaa wamekwisha. Waliozaliwa naye wamekwisha.
Aliowazaa: mmoja alivuka Ruvuma, likarudi jina tu;
wa pili ana nyumba ya bati Masasi
na simu isiyopatikana.

"Andika wewe."

Hairuhusiwi, Bibi. Mtumishi hawi ndugu wa mkaazi,
ukurasa wa tisa, nimeusaini mwenyewe.

"Nani kasema ndugu?
Wewe Mngoni, mimi Myao.
Siku nikifa, nani atakaa juu ya jeneza
akatae kuinuka mpaka apewe kuku?
Nani ataiga ninavyochechemea
hadi wanaolia wacheke, kama watakuwepo wanaolia?
Utanizika huku unanitukana, Eusebia.
Hiyo nayo kazi yako,
na haina mshahara."

Kisanduku kinachofuata ni kidogo,
kimekatwa kwa kipimo cha neno kama mwana, au mke.
Uhusiano.
Kalamu ya kwanza imekauka. Natoa ya pili.
Herufi tano, zinaenea.

Anainama kutazama asichoweza kusoma.
Anakigusa kwa kidole kile kile
ambacho mashine imekikana,
na wino mbichi unamshika.
"Na huyo kuku," ananiambia, "awe wa kienyeji."